Diski Inakataa: Kutafuta Kosa Unaporekodi Televisheni ya HD Nyumbani

Mechi imekwisha, faili limechomwa, diski imeingia kwenye deki, na deki inaitema. Hapa Lubumbashi, hilo likitokea, wengi huchukua diski nyingine na kuchoma upya, kisha ya tatu, kwa sababu diski ndiyo kitu cha mwisho walichokishika. Mara nyingi diski haina kosa lolote. Kutoka antena hadi deki, picha inapita mikono mitano: mawimbi, dekoda inayorekodi, faili kwenye kompyuta, uchomaji, na deki yenyewe. Kosa likiingia kwenye mkono wa kwanza, hakuna diski, hata iwe ghali vipi, itakayoliondoa kwenye mkono wa tano.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua faili la rekodi kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, nenda hadi pale kasoro ilipoonekana, uandike dakika na sekunde. Kasoro ikiwa palepale ndani ya faili, iache diski, haihusiki. Faili likiwa safi lakini diski inakwama hata kwenye kompyuta, kosa ni la uchomaji au la diski. Kompyuta ikiisoma diski vizuri na deki ikaikataa, chunguza muundo wa diski, kisha deki. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na inakuonyesha sehemu gani usome hapa chini.

Mashine zinazorekodi televisheni moja kwa moja kwenye Blu-ray ziliuzwa hasa Japani. Kwetu njia ni mbili: dekoda inayorekodi kwenye flashi au diski ngumu kupitia USB, au kifaa kidogo cha kunasa picha ya HDMI (tundu ambalo dekoda hupelekea picha kwenye televisheni) kinachochomekwa kwenye kompyuta. Baada ya hapo kompyuta na draivu ya kuchomea ndizo zinazomaliza kazi.

Rekodi imeanza mchezo ukiwa umeshasonga mbele

Kosa hili ni letu watu wa mashariki na kusini-mashariki mwa Kongo, na watu wa Kinshasa hawalijui. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa, Lubumbashi saa mbili. Saa 18 hapa ni saa 17 kule. Mawimbi ya televisheni ya dijitali hubeba saa ya UTC, nayo dekoda huongeza tofauti ya eneo. Ikiwa tofauti iliyowekwa ni ya Kinshasa, na wewe umepanga kwa mkono rekodi ianze saa 18, dekoda itaanza wakati saa ya ukutani kwako inasema 19. Kipindi cha kwanza chote kimepotea.

Ingia kwenye menyu ya saa, zima marekebisho ya kiotomatiki ikiwa yanaleta saa ya Kinshasa, na uchague UTC+2. Ukipanga rekodi kwa kubonyeza kipindi kwenye orodha ya vipindi ya dekoda, tatizo halijitokezi, kwa sababu orodha na saa vinatumia hesabu moja. Hata hivyo ongeza dakika 10 kabla ya kipindi na 30 baada yake. Mechi ya mtoano iongezee saa nzima: muda wa ziada ni dakika 30, na penalti hazina muda maalumu.

Picha inavunjika vipande vipande

Tazama kwanza inavunjika vipi. Ikivunjika bila mpangilio, mara nyingi kwa dakika fulani kisha ikatulia kwa nusu saa, ni mawimbi. Masafa ya Ku, yanayotumiwa na madishi madogo ya nyumbani, hudhoofishwa na mvua nzito, na kati ya Novemba na Machi mvua za huku hazina huruma. Kwenye menyu ya dekoda kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Watu huangalia nguvu. Wewe angalia ubora, kwa sababu nguvu inaweza kujaa huku ubora umeanguka, hasa kebo ikiwa imeingia maji kwenye kiungio cha kichwa cha dishi. Kagua kiungio hicho kabla ya mvua kuanza, kikiwa kimeshika kutu kibadilishe.

Vipande ambavyo mawimbi hayakuvileta haviwezi kurudishwa na programu yoyote. Kulipitisha faili kwenye programu ya kubadilisha ukitumaini litasafishika kunaongeza uharibifu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Picha ikikwama kwa vipindi vinavyolingana, hata siku ya jua kali, ni flashi. HD haisubiri: flashi ikichelewa kuandika, dekoda inatupa data. Tumia diski ngumu ya nje, na ikiwa inakula umeme mwingi kuliko tundu la dekoda linavyotoa, ipe chanzo chake cha umeme.

Kuna sura ya tatu, na hii ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu mwenye mali huwa hana hatia. Nusu ya kwanza ya rekodi ni nzuri, baada ya hapo ni takataka au hakuna kitu. Flashi imeandikwa gigabaiti 64, lakini ndani ina 8, na imepangwa idanganye kompyuta. Sokoni zinauzwa kando ya zile halali, na pakiti yake inapendeza vilevile. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha huisoma tena, na hukuambia ukweli wake. Ifanye siku uliyonunua, pesa ikiwa bado ya moto na muuzaji bado anakukumbuka.

Rekodi imekatika karibu na dakika ya 71

Ukiona jambo hili, ni hesabu tu. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja lizidi baiti 4,294,967,295. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde hufika hapo baada ya takriban dakika 71 na nusu. Dekoda nyingine husimama, nyingine hugawa rekodi kuwa mafaili kadhaa.

Dekoda ikikubali NTFS au exFAT, ifomati flashi upya kwa mfumo huo. Ikikataa, usijali: mafaili ya TS (aina ya faili ambayo dekoda hurekodi) yaliyogawanywa huungana bila kupoteza kitu. Kwenye dirisha la amri la Windows andika:

copy /b 001.ts+002.ts nzima.ts

Hiyo /b ni lazima. Na usiunganishe kwa programu inayobadilisha picha upya, hakuna sababu.

Faili halifunguki, au HDMI inaleta giza

Dekoda nyingi za kulipia hufunga rekodi kwa ufunguo uliomo ndani ya dekoda ileile. Ukipeleka diski ngumu kwenye kompyuta, VLC inaonyesha giza au mchanga wa rangi. Faili halijaharibika, limefungwa. Upande wa HDMI kazi hiyo inafanywa na HDCP, kinga dhidi ya kunakili: kifaa cha kunasa kisipotambuliwa kuwa kimeidhinishwa, dekoda inakata picha.

Hapo ndipo pa kusimama. Rekodi ya namna hiyo itazame kupitia dekoda yake, na kwenye diski weka chaneli za wazi, matangazo ya hapa kwetu, ibada iliyorushwa, mahojiano ya mjomba wako kwenye televisheni ya mji. Hizo kwa kweli ndizo zenye thamani ya kuhifadhiwa, kwa sababu hakuna kampuni nje ya nchi itakayokuuzia nakala yake kesho.

Diski imejaa kabla ya mwisho, au picha imekuwa hafifu

DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Windows inaandika karibu 4.38, si kwamba umeibiwa: inahesabu kwa mafungu ya 1,024. DVD ya tabaka mbili ina 8.5. Blu-ray ina 25, ya tabaka mbili 50. Sasa piga hesabu kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 3.6 kwa saa: DVD ya kawaida inabeba dakika 78, Blu-ray karibu saa 7. Mechi na mapumziko yake ni saa mbili, yaani gigabaiti 7.2. Inaingia kwenye DVD ya tabaka mbili, haiingii kwenye ya kawaida.

Uhafifu unatoka kwingine. Programu ikikuuliza kama unataka "DVD-Video" ukakubali, imekushusha hadi nukta 720 kwa 576. HD kamili ni 1,920 kwa 1,080, ambayo ni mara tano ya hizo. Ukitazama kwenye televisheni kubwa tofauti inaonekana hata kwa mtoto. Muundo unaohifadhi HD kwenye DVD ya kawaida unaitwa AVCHD, uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Unachukua picha ya H.264 (namna ya kubana picha) jinsi ilivyorushwa na kuipanga katika mafolda yanayofanana na ya Blu-ray. Programu ya tsMuxeR huyaunda bure. Sharti ni mawili: kasi ya data isizidi megabiti 18 kwa sekunde kwenye DVD, na diski ichezwe kwenye deki ya Blu-ray inayokubali AVCHD. PlayStation 3 inaikubali.

Chaneli ikirusha kwa H.265, namna mpya zaidi ya kubana picha, tsMuxeR italipanga faili bila kulalamika, lakini deki ya kawaida ya Blu-ray haitalicheza. Kagua kwanza kwa MediaInfo, programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili. Hilo ndilo tukio pekee ninaloshauri ubadilishe picha yenyewe kwenda H.264. Kwingine kote iache ilivyo. Kila ubadilishaji unachukua kitu na haurudishi.

Picha ipo, sauti hakuna

"Ba yaya, diski yako ni bubu." Malalamiko haya ni mengi, na yanachanganya kwa sababu kwenye kompyuta sauti ilisikika vizuri. VLC hucheza karibu kila kitu, ndiyo maana si shahidi mzuri wa kile deki itakachokubali. Televisheni ya dijitali mara nyingi hurusha sauti kwa AAC au MP2, na Blu-ray haikuandikiwa kuzipokea. Deki inatarajia AC-3, DTS au sauti isiyobanwa. Badilisha sauti peke yake kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -i nzima.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 384k -ar 48000 tayari.ts

Neno "copy" hapo linamaanisha picha haiguswi. Ndiyo maana kazi inaisha kwa dakika chache hata kwenye kompyuta ya zamani.

Sauti ikiwa ipo lakini inaachana na midomo, angalia inaachana lini. Ikiachana kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho, ni kifaa cha kunasa HDMI chenye kasi isiyolingana na dekoda. Ikiruka ghafla mahali pamoja, rudi kwenye mawimbi: vipande vya picha na vya sauti vilipotea kwa kiasi tofauti, na kuanzia hapo haviko pamoja tena. Kata rekodi sehemu hiyo, tengeneza mafaili mawili, kila moja lianze upya, kisha yachome kama sura mbili za diski moja.

Mchezaji akikimbia anaota meno ya chanuo

HD ya 1080i hutuma nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari witiri kisha mistari shufwa. Mtu akisogea kwa kasi, nusu mbili hazilingani, na kingo zake zinatoka meno. Kwenye kompyuta washa kitenganishi cha mistari (Deinterlace) cha VLC, yatatoweka. Kwenye diski usifanye lolote: deki na televisheni zinajua kazi hiyo. Tatizo linazaliwa mtu anapopunguza ukubwa wa picha bila kutenganisha mistari kwanza, maana hapo meno yanachorwa ndani ya picha moja kwa moja.

Mwendo ukionekana kama unaenda mbele na kurudi, mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa. HD huanza na nusu ya juu. Programu ya zamani iliyozoea kamera za kanda za DV huanza na ya chini.

Na maandishi yanayopita chini ya skrini yakisitasita, kifaa chako cha kunasa kimeachwa kwenye picha 60 kwa sekunde, wakati dekoda za kwetu zinatoa 50. Kiweke 50 au 25. Kumbuka pia kwamba deki nyingi za Blu-ray hazikubali 1080 kamili ya picha 50 kwa sekunde. Chagua 1080i au 720 ya picha 50 kwa sekunde.

Uchomaji unakatika katikati

Umeme ukikatika diski imekufa, hilo halina mjadala. DVD-R iliyokatika haifufuliwi. Tumia kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, au onduleri (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika), na usichome jioni watu wote wanapowasha majiko, volti zikiwa zimeanguka.

Lakini kuna kukatika kunakotokea umeme ukiwepo. Draivu ya nje inalia tik-tik, inapotea kwenye kompyuta, inarudi. Sababu kubwa ni njaa. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na draivu nyembamba inapowasha leza ya kuandikia inaweza kutaka zaidi ya hapo. Ndiyo maana baadhi zinakuja na kebo yenye vichwa viwili: chomeka vyote viwili. Usipitishe draivu kwenye kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake, na usitumie kebo ndefu.

Kasi nayo ina neno. Diski ya 16x ichome kwa 8x, Blu-ray ya 6x kwa 4x. Utasubiri kidogo zaidi, na herufi zitaandikwa vizuri zaidi. Baada ya kuchoma acha ImgBurn, programu ya kuchomea, ihakiki. Watu huruka hatua hiyo kwa kuona inachelewesha, kisha wanafuta faili. Usifute faili kabla ya uhakiki kupita.

Ikikwama kila mara sehemu ileile, kwenye diski za pakiti moja, soma utambulisho wa diski ndani ya ImgBurn. Jina la karatasini linaweza kughushiwa kwa urahisi, msimbo ulioandikwa kiwandani si rahisi. DVD nyingi za Verbatim, kwa mfano, huonyesha msimbo unaoanza na MCC.

Kompyuta inasoma, deki inakataa

Uliza kwanza kama diski ilifungwa. Diski iliyoachwa wazi ili kuongezwa vitu baadaye haisomeki kwenye deki nyingi. Ifunge kwenye programu ileile iliyoichoma.

Pili, mfumo wa mafaili. Folda za Blu-ray na AVCHD zinahitaji UDF 2.50. DVD-Video inahitaji UDF 1.02. ImgBurn itakuuliza, mwachie arekebishe mwenyewe.

Tatu, leza. Deki ya DVD ina leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray inahitaji ya nanomita 405. Hakuna mpangilio utakaofanya deki ya DVD isome Blu-ray, na deki ya kawaida ya DVD haichezi AVCHD hata diski ikiwa ni DVD. Kwa hiyo muulize mama mkwe ana deki gani kabla ya kumchomea harusi.

Nne, vumbi. Kiangazi chetu ni cha vumbi jekundu, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Futa diski kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu data nyingi zilizofuatana. Maji na sabuni laini vinatosha.

Diski ilikuwa inacheza, sasa inakwama

DVD za kuchoma huhifadhi data kwenye rangi inayoharibiwa na mwanga na joto. Iliyoachwa kwenye kioo cha mbele cha gari haina maisha marefu. Blu-ray nyingi za kuchoma hazitumii rangi hiyo, ila zile zenye alama ya LTH zinaitumia: ziepuke kwa vitu vya kudumu. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso unaosomwa, ya DVD iko katikati ya plastiki. Kwa hiyo Blu-ray usiiweke mezani kifudifudi hata mara moja. Usibandike karatasi ya jina pia, inaondoa mizani diski ikizunguka kwa kasi. Andika kwa kalamu laini.

Mwenye diski ya Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi, ajue kwamba imeshavuka miaka kumi na inastahili kunakiliwa sasa, ingali inasomeka. Jaribu kuisoma kwa draivu tofauti tofauti: moja inaweza kushindwa na nyingine ikafaulu, na draivu ya mezani mara nyingi huwa na subira kuliko nyembamba. Punguza kasi ya kusoma. Sehemu zinazokataa ziruke, chukua zilizobaki, kisha rudia zile zilizokataa kwa draivu nyingine.

Nakala mpya iweke mahali pawili, diski moja na diski ngumu moja, katika nyumba mbili ikiwezekana. Na ukiona Blu-ray tupu nzuri dukani, nunua za akiba. Sony iliacha kuzitengeneza Februari 2025.